Je, Wajua? Bunduki ya Upepo na Hewa Nyepesi ya Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kwamba bunduki ya upepo inayopiga vizuri Dar es Salaam hubadilika tabia ikipandishwa Mbeya, hata kama hakuna aliyegusa skrubu yake? Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini imevuka mita 1,500. Kwenye kimo cha Mbeya, kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 18. Bunduki ya springi haina baruti wala mtungi wa gesi. Inatumia hewa ileile tunayovuta, iliyoingia kwenye silinda wakati unakunja mtutu kuikoki. Ukiwa Soweto au Uyole, jijini Mbeya, silinda hiyo inameza hewa kidogo, na kirisasi hutoka kikiwa kimepungua kasi. Panda hadi Kitulo, kwenye mita 2,600, upungufu wa kanieneo unazidi robo.

Je, wajua kinachotokea ndani ukivuta kifyatulio? Springi inaisukuma pistoni, pistoni inakimbia mbele, na hewa iliyo mbele yake inabanwa hadi kanieneo yake inafika makumi ya mara ya kawaida. Hewa hiyo inachemka, inapenya tundu dogo mwishoni mwa silinda na kukisukuma kirisasi. Kiasi kinachobaki kinakuwa godoro la pistoni, kikiipunguza kasi isije ikabamiza ukuta wa mbele. Yote hayo huisha katika muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde.

Hapo ndipo hewa nyepesi inapouma. Huku kwetu godoro ni jembamba, na pistoni inagonga kwa nguvu zaidi kuliko fundi wa kiwandani alivyokusudia.

Je, wajua basi kwa nini kosa la kwanza la wengi ni kununua springi kali zaidi? Mtu anaona bunduki yake ya bei nafuu haina nguvu, anaagiza springi nene, anaibana kwa jasho, kisha anashangaa shabaha imeharibika. Nguvu ya bunduki hii haitokani na springi peke yake. Inategemea pia ukubwa wa silinda, urefu wa safari ya pistoni na uzima wa sili inayoziba pistoni. Ukiongeza springi bila kuongeza hewa, unaongeza kishindo: kitako kinaruka, skrubu zinalegea, sili inapasuka, na kirisasi kinatoka mtutu ukiwa tayari umetikisika. Kwa anayepigia Mbeya, Makete au Mufindi, naona springi ya kiwandani iliyonyooka na kusafishwa ina faida kuliko springi kali yoyote.

Je, wajua kwamba bunduki ya upepo iliwahi kuwa silaha ya jeshi? Kabla ya mwaka 1800, jeshi la Austria lilikuwa na bunduki iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni, yenye mtungi wa hewa kwenye kitako na magazini ya risasi zipatazo 20. Meriwether Lewis na William Clark nao walibeba bunduki ya upepo walipovuka Amerika Kaskazini kati ya 1804 na 1806. Aina ya springi yenye mtutu unaokunjwa ilikuja baadaye. Nchini Uingereza, Lincoln Jeffries alisajili bunduki yake ya springi mwaka 1904, na kiwanda cha BSA cha Birmingham kikaanza kuzitengeneza.

Je, wajua kwamba kiwanda cha Mayer & Grammelspacher, chenye nembo ya Diana, kilianza Rastatt, Ujerumani, mwaka 1890? Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, Wajerumani wengine walikuwa Lugalo, kando ya ilipo leo barabara kuu ya Iringa na Morogoro. Wahehe wa Chifu Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski kutoka vichakani, wengi wao wakiwa na mikuki. Zelewski aliuawa, na bunduki zipatazo 300 zikatekwa. Hata hivyo, bunduki hizo hazikuiokoa ngome ya Mkwawa huko Kalenga, iliyoanguka tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya kupigwa kwa mizinga. Aliyeshinda Lugalo alishinda kwa mkuki alioujua tangu utotoni, na hata kwa bunduki ya upepo kukijua chombo chako kunazidi nguvu zake.

Turudi kwenye meza ya fundi.

Je, wajua kwamba springi ya bunduki ya upepo imebanwa hata kabla hujaikoki? Ukifungua kizibo cha nyuma ya silinda bila kukishika, springi inaweza kukirusha hadi usoni. Mafundi hutumia kibano kirefu cha seremala au fremu ya mbao yenye skrubu ndefu: wanaibana springi kwanza, wanatoa pini au kizibo, kisha wanailegeza taratibu hadi nguvu yote iishe. Anayefanya kazi hiyo anakaa pembeni, hakai mbele ya kizibo. Kama huna kibano, usifungue. Sina neno laini la kusema hapo.

Je, wajua kwamba ubaya mkubwa wa bunduki za bei nafuu mara nyingi ni uvivu wa kiwandani, wala si chuma kibovu? Chukua bunduki kama B2 ya Kichina, inayojulikana duniani kote kwa bei yake ya chini. Ukiifungua unakuta mafuta mazito ya kuhifadhia yamechanganyika na unga wa chuma, kingo za silinda hazijakatwa vizuri, na ncha za springi ni kali kama zilivyotoka kwenye mashine. Pitisha kidole polepole kwenye tundu la kifyatulio upande wa ndani, ukiwa umevaa glavu. Utahisi meno madogo. Meno hayo hukwangua sili mpya ya pistoni siku ileile unapoipachika. Tupa ndogo ya mviringo, msasa laini na kitambaa chenye mafuta ya taa vinatosha kuyaondoa. Kazi hiyo ya jioni moja inaibadilisha bunduki kuliko kipuri chochote cha kununua.

Ncha za springi nazo zinahitaji mkono. Isimamishe springi juu ya kioo cha dirisha. Springi iliyo sawa inasimama wima, iliyokatwa vibaya inainama upande, na iliyoinama hujipinda ndani ya pistoni na kutoa ule mlio wa kutetema ambao wapigaji wengi wanaudhani ni wa kawaida. Ncha zikikwaruza kioo, zisugue kwenye jiwe la kunolea lenye maji hadi ziwe laini, kisha weka washa nyembamba ya chuma kila upande ili springi izunguke kidogo inapobanwa na kuachiwa.

Je, wajua kwa nini usiipashe springi moto ili kuinyoosha? Wahunzi wetu wamekuwa wakichukua springi za magari na kuzifanya mapanga na majembe. Wanajua kwamba chuma kile kikiwekwa kwenye makaa hadi kiwe chekundu kinapoteza ugumu wake, ndiyo maana baada ya kukifua wanakizamisha tena kwenye maji au mafuta. Springi ya bunduki ikipashwa moto jikoni na kuvutwa irefuke, inarudi ikiwa laini. Itaonekana nzuri, kisha itapooza baada ya muda mfupi. Iliyopinda ibadilishwe.

Je, wajua kwamba grisi nzuri kwa springi hii inauzwa kwenye duka lolote la vipuri vya magari Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa mjini? Ni ile nyeusi inayowekwa kwenye jointi za ekseli za magurudumu ya mbele. Nyingi za grisi hizo zina molibdenamu, ambayo hubaki juu ya chuma hata pale mgandamizo unapokuwa mkubwa. Paka utando mwembamba kwenye springi, kwenye mwili wa pistoni na kwenye bawaba ya mtutu. Mbele ya sili ya pistoni usipake. Na usijaze. Juni na Julai, Makete na Kitulo hupata jalidi, na grisi nyingi ikigandishwa na baridi huizuia pistoni kukimbia.

Je, wajua kwamba bunduki ya upepo inaweza kutoa moshi na kulia kama gobore? Mafuta yakiingia mbele ya pistoni, joto la hewa iliyobanwa huyawasha bila cheche yoyote. Ni kanuni ileile ya injini ya dizeli inayovuta lori kuupanda mlima Kitonga. Wapo wanaofurahia mlio huo na kumimina mafuta ya injini makusudi. Wanachofanya ni kuvunja springi na kuunguza sili, na kirisasi chao hakirudii njia moja mara mbili.

Tena hata bunduki iliyo sawa huunguza mafuta kidogo kila inapopiga. Waingereza wawili wa ukoo wa Cardew, walioichunguza bunduki ya springi kwa miaka mingi, waliipiga ikiwa ndani ya naitrojeni, ambamo hakuna oksijeni ya kuwasha chochote. Kasi ya kirisasi ilishuka sana. Kwa hiyo tone la mafuta lina kazi yake, ila kipimo chake ni kidogo mno.

Je, wajua kwamba sili ya zamani ya pistoni ni ngozi, sawa na washa ya ngozi iliyomo kwenye pampu ya baiskeli? Fundi baiskeli mzee anayejua kukata ngozi na kuilainisha kwa mafuta anaweza kukufundisha mengi. Sili ya ngozi inataka tone la mafuta mara mojamoja isikauke. Ya plastiki haitaki kumiminiwa. Kabla hujaweka chochote, jua uliyonayo ni ipi.

Kuna sili nyingine inayosahaulika, ile ndogo ya mpira pale mtutu unapokutana na silinda. Je, wajua jinsi ya kuipima bila kifaa? Lenga mahali salama bunduki ikiwa na kirisasi, weka ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni juu ya ungio, kisha piga. Karatasi ikiruka, hewa inavuja. Washa nyembamba ya karatasi ngumu chini ya sili mara nyingi inainyanyua vya kutosha kuziba. Kuvuja hapo ndiko kunakofanya wengi waamini springi imechoka.

Je, wajua kwamba kupiga bunduki tupu, bila kirisasi, ni kuiua? Kirisasi ndicho kinachoizuia hewa isitoke haraka. Kisipokuwepo, godoro halipo, na pistoni inabamiza chuma kwa chuma. Kuiacha imekokiwa siku nzima nako kunaichosha springi. La hatari kuliko yote ni kuvuta kifyatulio mtutu ukiwa umekunjwa: mtutu unarudi juu kwa nguvu inayoweza kuvunja vidole na kuupinda mtutu wenyewe. Watoto huvunjika hivyo. Shika mtutu kwa mkono mmoja muda wote unapopakia.

Kifyatulio kigumu kinawaudhi wengi, na wanakimbilia kukisugua kwa tupa. Usifanye hivyo. Ndoana zile mbili ndogo zinazoshikilia pistoni zina pembe iliyopangwa. Ukiibadilisha hata kidogo, bunduki inaweza kujifyatua ikigongwa. Safisha, weka grisi kidogo nyeusi kwenye ndoana, kisha zoeza kidole.

Je, wajua kwamba skrubu za kitako ndizo za kwanza kukaguliwa shabaha ikihama? Bunduki ya springi inaruka mara mbili: kwanza inarudi nyuma pistoni inapoondoka, halafu inasukumwa mbele pistoni inaposimama. Mitikisiko hiyo miwili hulegeza kila kitu. Tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kukaza linazishika, na bado zinafunguka ukitaka. Msukumo wa kwenda mbele ndio pia unaovunja darubini zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti, ambazo zimejengwa kuvumilia upande mmoja tu. Darubini ya bunduki kubwa ya mwindaji inaweza kuharibika juu ya hii ndogo.

Na mbao ya kitako? Paina za Sao Hill, Mufindi, ni nzuri kwa kenchi na dari, lakini ni laini, na skrubu zinazotikiswa hivyo hutanua matundu yake. Mninga ni jambo jingine kabisa. Husinyaa kidogo sana unapokauka, hautembei sana kati ya masika na kiangazi, unachongeka bila kupasuka, na rangi yake haina haja ya kupakwa chochote zaidi ya mafuta ya kitani. Kipande kilichobaki kwenye karakana ya seremala kinatosha kitako kimoja. Kinunue kwa seremala mwenye mbao halali, maana mazao ya misitu yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Je, wajua kwamba bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda virisasi tofauti? Vya kawaida ni vya milimita 4.5 na 5.5, vyenye kiuno chembamba na sketi nyuma. Sketi hiyo hutanuka kwa hewa na kuziba mtutu. Madini ya risasi ni laini, na kopo likisafiri kwenye buti la basi kwa barabara ya mashimo, sketi nyingi zinabonyea. Viviringishe virisasi juu ya kioo kilichoinama: kizuri kinachora upinde mmoja laini, kibovu kinayumba. Vibovu vitumie kupasha moto mtutu, vizuri vitumie kwa shabaha. Jaribu aina mbili tatu, tano tano kwenye karatasi, uone kundi lipi limekaa pamoja. Mdomo wa mtutu nao uangaliwe: pitisha pamba taratibu kuuzunguka, na nyuzi zikinasa mahali, hapo pana jino linalokipa kirisasi njia mbaya.

Ukishamaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Shirika la Afya Duniani limesema wazi hakuna kiwango salama cha madini ya risasi mwilini, na watoto ndio huumia zaidi.

Je, wajua kwamba kuishika bunduki hii kwa nguvu ni kuikosesha shabaha? Kwa kuwa inaanza kuruka kabla kirisasi hakijatoka, kila mshiko tofauti unaleta pigo tofauti. Iweke juu ya kiganja kilichofunguka, bega liguswe tu, iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila mara. Wapo waliotumia fedha nyingi kwa vipuri wakati tatizo lilikuwa kiganja kilichokunjwa.

Hesabu kidogo kwa wanafunzi wa fizikia. Kirisasi cha gramu 0.53 kikitoka kwa mita 200 kwa sekunde kina nishati ya kama jouli 10.6. Kufika mita 10 kinashuka kama sentimita 1.3. Kufika mita 20 kinashuka zaidi ya sentimita 5, yaani umbali ukiongezeka mara mbili mshuko unakua mara nne na ziada. Hewa nyepesi iliyotupunguzia kasi mwanzoni inaturudishia kidogo hapa, kwa sababu haikikwamishi sana kirisasi njiani. Anayehama kutoka pwani kuja Mbeya arekebishe upya kionyeshi chake.

Mchezo huu una heshima yake. Bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, kwa virisasi vya milimita 4.5, na alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita. England na Wales huweka mpaka wa takriban jouli 16.3 kwa bunduki isiyohitaji cheti cha silaha; Scotland, tangu 2016 hata zilizo chini ya hapo zinahitaji cheti. Ujerumani mpaka ni jouli 7.5, na bunduki iliyo ndani ya mpaka hugongwa herufi F ndani ya umbo la pembe tano.

Kwetu, silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Kabla hujanunua, hujapokea zawadi kutoka kwa ndugu aliye nje, wala hujafungua skrubu ya kwanza, pita kituo cha polisi, ieleze bunduki ilivyo na ufuate utaratibu utakaopewa. Ndege nao wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na uwindaji una vibali vyake. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ni makazi ya mbayuwayu buluu, ndege aliye hatarini kutoweka. Bunduki iliyorekebishwa vizuri inastahili karatasi ya shabaha.

Karatasi hiyo iwekwe mbele ya sanduku lililojaa mchanga au udongo mkavu, kamwe isiwe mbele ya bati, jiwe au mti mgumu, kwa sababu kirisasi hudunda na kumrudia aliyekipiga. Kikielekezwa juu, kinaweza kwenda zaidi ya mita 300, na mitaa ya Mwanjelwa, na ya Kihesa kule Iringa, haina mita 300 zisizo na watu. Vaa miwani ya kazi, na aliyesimama karibu nawe mvishe pia. Bunduki ndogo kuliko zote dukani ina nguvu ya kutosha kutoboa jicho.